Somo la Mazingira: Joto, Maji na Samaki, Kutoka Mto Motoine hadi Hori za Pwani

Kila mwaka kati ya Desemba na Machi, upepo wa kaskazi unapovuma na jua kukaza, familia nyingi za Nairobi hufunga safari kwenda Pwani. Wapo wanaokwenda kuwaona jamaa, na wapo wanaokwenda kupumzika tu. Huko mgeni wa bara hukutana na kayaki, chombo chembamba cha mtu mmoja au wawili kinachoendeshwa kwa kasia lenye bapa pande zote mbili. Kayaki haina injini, haina kelele, na huelea mahali ambapo maji yanafika magotini tu. Kwa sababu hiyo inafaa sana kwa kuvua samaki kwa mshipi katika hori, yaani mikono ya bahari inayoingia nchi kavu katikati ya mikoko.

Lakini wepesi huo huo unaweza kumweka mtu hatarini. Asiyejua saa za maji kupwa na kujaa anaweza kujikuta amekwama matopeni saa nne asubuhi, jua likiwa kali, na maji ya kumtoa hapo yakiwa hayajafika hadi alasiri. Somo hili linaeleza jinsi joto linavyobadilisha maji na samaki, namna ya kupanga siku ya uvuvi horini bila kuhatarisha maisha, na jinsi jambo hilo linavyomhusu mkazi wa Dagoretti hata kama hatasafiri.

Maji hufuata mkondo

Dagoretti haina bahari, ila ina maji yanayokwenda baharini. Mto Motoine huanzia upande wa Dagoretti, hupita msitu wa Ngong Road, huingia Kibera na kumwaga maji yake katika Bwawa la Nairobi. Maji yakitoka bwawani mto huitwa Ngong. Hupita Eneo la Viwanda na Mukuru, kisha hujiunga na Mto Nairobi mashariki mwa jiji. Mto Nairobi nao huanzia kinamasi cha Ondiri karibu na mji wa Kikuyu, na hupita Dagoretti kabla ya kufika katikati ya jiji.

Maji hayo yote huingia Mto Athi. Mto Athi huporomoka kwenye maporomoko ya Fourteen Falls, hupita Ukambani na kufika Tsavo, ambako hukutana na Mto Tsavo na kuitwa Galana. Ukikaribia pwani huitwa Sabaki, na huingia Bahari Hindi kaskazini kidogo ya Malindi. Huu ni mto wa pili kwa urefu nchini Kenya baada ya Tana. Kwa hiyo mvua inayonyesha kwenye paa la nyumba Waithaka au Mutu-ini ina safari ndefu mbele yake, na mwisho wa safari hiyo ni maji ya wavuvi.

Wazee wa jiji wanakumbuka kwamba hata karibu na nyumbani kulikuwa na maji ya kuvulia. Bwawa la Nairobi, lililo kati ya Kibera na Lang'ata, lilijengwa mwaka 1953 na lina ukubwa wa takriban hekta 35. Kwa miaka mingi watu walivua samaki humo na kuendesha mashua ndogo za tanga siku za mapumziko. Baadaye udongo, taka na maji machafu kutoka juu vililijaza, na gugu maji likalifunika. Leo anayepita kando yake huona majani mabichi mahali palipokuwa na tanga nyeupe. Yaliyolipata bwawa hilo yanaeleweka vizuri zaidi mtu akijua uhusiano kati ya joto, uchafu na hewa ya samaki.

Samaki hupumua nini?

Samaki hupumua oksijeni kama binadamu, ila yeye huichukua kutoka majini kwa kutumia matamvua yake. Oksijeni hiyo imeyeyuka majini kama sukari inavyoyeyuka katika chai. Tofauti ni kwamba chai ya moto huyeyusha sukari nyingi zaidi, lakini maji ya moto hushika oksijeni kidogo zaidi. Maji yakipata joto, hewa hutoroka.

Tazama takwimu hizi. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji baridi yasiyo na chumvi, yenye nyuzi 20 za Selsiasi, inaweza kushika takriban miligramu 9.1 za oksijeni. Yakifika nyuzi 30, kiasi hicho hushuka hadi miligramu 7.6 hivi. Chumvi hupunguza kiasi hicho zaidi: maji ya bahari yenye nyuzi 30 hushika takriban miligramu 6.2 tu kwa lita. Mwinuko pia hupunguza. Dagoretti iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hewa yake ni nyepesi, maji ya mto yenye nyuzi 20 hapa hayawezi kushika zaidi ya miligramu 7.5 hivi.

Wakati huo huo, mwili wa samaki hauna joto lake wenyewe. Hupata joto au baridi kulingana na maji. Maji yakipata joto, mwili wake hufanya kazi haraka na kuhitaji oksijeni zaidi. Hivyo msimu wa joto humbana samaki mara mbili: mahitaji yanapanda huku akiba ikishuka. Samaki wengi huhitaji miligramu 5 au zaidi kwa lita ili wastawi. Zikishuka chini ya 2 au 3, wengi huanza kuhema juu ya maji, na wasipopata nafuu hufa.

Uchafu huongeza tatizo hili. Damu, samadi, mabaki ya chakula na maji ya choo vikiingia mtoni, bakteria huvila, na bakteria hao nao hutumia oksijeni. Mimea inayofunika maji huzuia mwanga, na usiku mimea na mwani hupumua oksijeni ile ile bila kutengeneza nyingine. Ndiyo maana katika maji yaliyotulia na kuchafuka, saa mbaya kabisa kwa samaki ni kabla ya mapambazuko. Mtu akiona samaki wengi wamepanua midomo juu ya maji alfajiri, asidhani ni bahati ya mvuvi. Hiyo ni dalili kwamba maji yameishiwa hewa, na samaki wanaookotwa wakielea hawafai kuliwa.

Hori hupumua kwa kupwa na kujaa

Katika pwani ya Kenya, hori zinazojulikana ni kama Tudor na Port Reitz zinazoizunguka Mombasa, Mtwapa, Kilifi, na Mida karibu na Watamu. Hori hizi hazifanani. Tudor hupokea mito midogo ya msimu pamoja na maji yatokayo mjini. Mida haina mto unaoingia ndani yake. Hutegemea maji ya bahari na chemchemi za chini ya ardhi. Kinachozifanya zote ziwe hai ni kupwa na kujaa.

Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kujaa kwingine ni takriban saa 12 na dakika 25. Kwa hiyo kila siku saa za maji husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hayo ndiyo maji ya bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, tofauti ni ndogo. Hayo ni maji mafu. Siku za bamvua kubwa, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo Mombasa huzidi mita 3. Siku za maji mafu inaweza kuwa mita moja tu hivi.

Maji yanapojaa, huleta maji ya bahari kuu yaliyopoa kidogo na yenye oksijeni. Yanapopwa, maji yaliyobaki kwenye tope na madimbwi huchomwa na jua na kupata joto upesi. Basi samaki wa horini hana makao ya kudumu, hufuata maji. Mkizi, tafi, changu na chewa wadogo huingia kati ya mizizi ya mikoko maji yanapojaa, kwa kuwa humo mna kivuli, chakula na maficho. Maji yakianza kupwa hurudi kwenye njia za maji ya kina, na samaki wakubwa huwangoja pale vijito vinapoingia kwenye njia hizo.

Kutokana na hayo, mvuvi wa msimu wa joto hutafuta vitu vitatu: kivuli, kina na mwendo wa maji. Mahali palipo na maji mafupi, yaliyotulia na yaliyopigwa na jua tangu asubuhi, pana samaki wachache. Ukingo wa mikoko wenye kivuli, pindo la njia ya maji ya kina, na mlango wa kijito ambapo maji yanatembea ndiko kwa kutupa mshipi. Kamba na vipande vya ngisi ni chambo kinachokubalika kwa samaki wengi wa humo. Saa nzuri ni asubuhi mapema na jioni, hasa zikikutana na mwisho wa maji kujaa au mwanzo wa kupwa.

Hesabu ya maji: somo la vitendo

Maji hayapandi wala kushuka kwa kasi moja. Mabaharia hutumia kanuni ya sehemu kumi na mbili. Tofauti yote ya maji hugawanywa katika sehemu 12. Katika saa ya kwanza hushuka sehemu 1, ya pili sehemu 2, ya tatu sehemu 3, ya nne sehemu 3, ya tano sehemu 2 na ya sita sehemu 1.

Chukua siku ya bamvua ambapo tofauti ni mita 3.6. Sehemu moja ni sentimita 30. Saa ya kwanza maji hushuka sentimita 30, ya pili 60, ya tatu 90, ya nne 90, ya tano 60 na ya sita 30. Maana yake ni kwamba katika saa ya tatu na ya nne peke yake, nusu ya maji yote huondoka. Hapo ndipo mkondo una nguvu zaidi, hasa kwenye mlango mwembamba wa hori. Mtu wa kawaida hupiga kasia kwa mwendo wa kilomita 4 au 5 kwa saa, na mkondo wa bamvua mlangoni unaweza kumzidi nguvu na kumtoa baharini.

Sasa linganisha siku mbili. Mombasa, siku za bamvua, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi. Ndani ya hori mabadiliko huchelewa kidogo. Mgeni akikodi kayaki saa moja asubuhi siku ya mwezi mpevu, anaingia majini wakati mkondo wa kutoka una nguvu zake zote. Anaona anakwenda kwa urahisi, kumbe anasukumwa. Kufikia saa nne kayaki imekaa juu ya tope. Tope la mikoko haliendeki. Humeza mguu hadi gotini na zaidi. Kutoka hapo ni kungoja maji yarudi, na maji ya kutosha hayafiki mpaka saa kadhaa zipite, zile ambazo jua ni kali kuliko zote.

Juma moja baadaye hali ni tofauti. Dakika 50 kwa siku mara siku 7 ni karibu saa sita. Siku za maji mafu, maji hujaa karibu saa nne asubuhi. Mtu huyo huyo akiingia saa moja, maji yanajaa polepole na kumpeleka ndani ya hori, si nje. Samaki nao wanaingia mikokoni wakati huo huo. Saa nne maji yanatulia, anageuza, na kupwa kunamsaidia kurudi. Kufikia saa tano yuko nchi kavu kabla ya jua la utosi.

Kwa hiyo anayekwenda kuvua kwa mara ya kwanza na achague siku za maji mafu, aanze maji yakijaa, na arudi kabla ya saa ya tatu ya kupwa. Mamlaka ya Bandari za Kenya hutoa jedwali la saa za maji kwa mwaka mzima, na wavuvi wa kila bandari ndogo huzijua saa hizo bila karatasi. Kuwauliza ni sehemu ya maandalizi. Upepo pia uulizwe, kwa sababu kaskazi huzidi nguvu mchana na kayaki tupu huchukuliwa kama jani.

Mwili wa mtu wa bara na joto la pwani

Mtu aliyezoea asubuhi za baridi za Dagoretti hufika pwani mwili wake haujazoea joto. Mwili huhitaji juma moja hadi mawili kuzoea. Pwani pia ina unyevu mwingi hewani, hivyo jasho halikauki upesi, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Mtu anaweza kulowa jasho na bado joto la mwili likaendelea kupanda.

Juu ya kayaki hakuna kivuli, na maji huakisi mwanga hadi chini ya kofia. Mambo yafuatayo ni ya lazima:

- Maji ya kunywa ya kutosha, angalau lita moja kwa kila saa mbili, yanywewe kidogo kidogo kabla ya kiu.
- Kofia pana, shati la mikono mirefu la rangi nyeupe au isiyokoza, na viatu vinavyofungwa.
- Jaketi la kuokoa maisha likiwa limefungwa mwilini, si limewekwa nyuma ya kiti. Hata anayejua kuogelea huishiwa nguvu mkondo ukiwa mkali.
- Filimbi, na simu ndani ya mfuko usioingiza maji.
- Mtu aliye nchi kavu anayejua njia itakayofuatwa na saa ya kurudi.

Dalili za kwanza za kuzidiwa na joto ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza. Mtu huyo aondolewe juani, alazwe, alowanishwe maji, apepewe na anywe maji yenye chumvi na sukari ya kupimwa. Akianza kuchanganyikiwa, kusema maneno yasiyoeleweka au kuzimia, hiyo ni dharura: apozwe kwa maji mengi mara moja huku akikimbizwa hospitali. Asinyweshwe chochote akiwa hana fahamu.

Hatari nyingine iko chini ya miguu. Taa hujificha mchangani katika maji mafupi, na mkia wake una mwiba wenye sumu. Anayeshuka kwenye kayaki asikanyage kwa kuinua mguu. Auburute mguu chini ili taa aondoke mapema. Aliyechomwa hutiwa sehemu hiyo katika maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, maana joto hupunguza makali ya sumu, kisha apelekwe kwa daktari.

Samaki akishavuliwa

Joto linalomwandama samaki majini humwandama pia ndani ya kapu. Samaki aliyeachwa juani huanza kuharibika ndani ya muda mfupi. Mvuvi na abebe sanduku lenye barafu, uzito wa barafu ukikaribia uzito wa samaki anaotarajia, na samaki atolewe matumbo mapema. Asiye na barafu na avue wa kula siku hiyo tu, awafunike kwa gunia lililolowa na kurudi upesi.

Samaki mdogo arudishwe majini, lakini kumrudisha kuna adabu yake wakati wa joto. Aliyepigana na mshipi kwa muda mrefu katika maji ya moto ameishiwa oksijeni, na hata akiogelea na kuondoka anaweza kufa baadaye. Avutwe upesi, ashikwe kwa mikono iliyolowa, ndoano itolewe akiwa bado majini, na ashikiliwe akielekezwa kwenye mkondo hadi apate nguvu mwenyewe.

Bunju, yule samaki anayejifura kama mpira, asiliwe kamwe. Sumu yake haiishi kwa kupikwa wala kukaangwa, na huua. Mgeni asiyemjua samaki aliyemvua amwonyeshe mvuvi wa hapo kabla ya kumtia sufuriani.

Uvuvi nchini unaongozwa na Sheria ya Usimamizi na Uendelezaji wa Uvuvi ya mwaka 2016. Kabla ya kutupa mshipi, mgeni afike kwa kikundi cha usimamizi wa ufuo, kinachojulikana kama BMU, aulize leseni na maeneo yaliyoruhusiwa. Hori ya Mida iko ndani ya hifadhi ya bahari inayosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kwa hiyo masharti ya hifadhi yanahusika. Mikoko isikatwe hata kwa ajili ya kijiti cha kufungia kayaki; kivuli kile ndicho nyumba ya samaki wachanga. Mdomo wa Sabaki wenyewe si mahali pa kayaki, kwa kuwa una viboko na maji yake yana tope lisiloonyesha kilicho chini.

Tope la Malindi na mifereji ya Dagoretti

Tope hilo la Sabaki ndilo linalomrudisha msomaji nyumbani. Baada ya mvua, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya udongo kwa sababu ya maji ya mto. Wanasayansi waliochunguza matumbawe ya Malindi, ambayo hukua tabaka kwa tabaka kama pete za mti, walikuta kumbukumbu ya takriban miaka 300. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba udongo unaoletwa na mto uliongezeka sana tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ardhi ya bara ilipoanza kulimwa na kufyekwa kwa wingi. Tope hufunika matumbawe na majani ya bahari, na samaki hukosa malisho.

Si haki kusema kila uchafu wa Dagoretti hufika Malindi jinsi ulivyo. Njiani maji huchanganyika na mito mingine, hupigwa na mawe na kuporomoka, na hupata hewa tena. Sehemu kubwa ya uchafu unaooza huoza njiani. Lakini udongo mwembamba, plastiki na virutubisho vya mbolea huenda mbali sana. Na wanaoumia kwanza wako karibu: wakulima wanaonyweshea sukuma wiki kando ya mto, na watoto wanaocheza ukingoni, Kibera na Mukuru.

Joto huongeza madhara hayo hapa kama kule. Januari hadi Machi ndiyo miezi ya joto zaidi Nairobi, na Januari na Februari mvua huwa chache. Mto unapungua, lakini maji taka hayapungui. Ndoo ile ile ya uchafu iliyomwagwa Mei wakati wa mvua huchanganyika na maji mengi. Ikimwagwa Februari, huenda ikawa sehemu kubwa ya mto wenyewe. Kwa hiyo kiangazi ndicho kipindi cha kuwa waangalifu zaidi.

Mkazi anaweza kuanza na haya:

- Mfereji wa barabarani ni wa maji ya mvua. Maji ya choo yaelekezwe kwenye bomba la maji taka au shimo linalonyonywa na gari lililoidhinishwa, kisha yapelekwe mahali pa kuyasafisha.
- Dagoretti inajulikana kwa vichinjio vyake, na nyama ni riziki ya wengi. Damu na samadi vizuiwe visifike mtoni, kwa kuwa hakuna kinachomaliza oksijeni upesi kama hivyo. Samadi ikikusanywa ni mbolea na gesi ya kupikia.
- Ukingo wa mto uachwe na nyasi na miti. Mizizi hushika udongo, na kivuli huyapoza maji, kama mikoko inavyofanya horini.
- Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, lakini chupa na vifungashio bado hujaza mifereji. Vikusanywe kabla ya mvua ya Machi, maana mvua ya kwanza hufagia yote hadi mtoni.
- Anayeona maji yakimwagwa mtoni kinyume cha sheria aripoti kwa ofisi ya wadi au kwa NEMA. Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya.

Maswali ya marudio

Walimu, vikundi vya vijana na familia wanaweza kujadili maswali haya.

1. Kwa nini samaki hubanwa mara mbili maji yanapopata joto? Jibu: maji hushika oksijeni kidogo, na mwili wa samaki huhitaji zaidi.

2. Tofauti ya maji ni mita 2.4. Katika saa ya tatu ya kupwa, maji yatashuka kiasi gani? Jibu: sehemu moja ni sentimita 20, kwa hiyo sehemu tatu ni sentimita 60.

3. Leo maji yamejaa saa tatu asubuhi. Baada ya siku tatu yatajaa karibu saa ngapi? Jibu: dakika 50 mara tatu ni saa mbili na nusu, kwa hiyo ni karibu saa tano na nusu asubuhi.

4. Mgeni anayevua kwa mara ya kwanza achague bamvua au maji mafu? Aanze maji yakijaa au yakipwa? Jibu: maji mafu, yakijaa.

5. Mfereji ulio karibu na nyumba au shule yenu unamwaga maji katika mto gani, na mto huo unaishia wapi? Jibu la swali hili halimo ukurasani. Linapatikana kwa kutoka nje na kuufuata mfereji kwa miguu, kwa kuwa maji hufuata mkondo.